Mlima wa Ejo

Mimi si mtu wa milima, na hilo niliseme mapema asije mtu akanisifu bure. Tabora yetu ni tambarare kama kanga iliyotoka kupigwa pasi, na hiyo ni moja ya sababu zinazonifanya niipende. Natoka Gongoni naenda Ng'ambo, narudi kupitia sokoni, na moyo haunidundi hata kidogo, labda nikutane uso kwa uso na mteja niliyemwahidi gauni lake. Sasa ilikuwaje mtu wa namna hii akajikuta juu ya jiwe kubwa nje ya mji, mtandio umelowa jasho, analia mchana kweupe? Ni kwa sababu ya neno moja la Kirundi nililojifanya nalijua.

Neno lenyewe ni ejo.

Nililipata kwa Prisila. Prisila na mimi tunashona pamoja kwenye baraza ya nyumba yangu, cherehani yake inatazama msikiti na yangu inatazama barabara, na anapanga chumba uani kwangu tangu mume wangu alipokwenda Geita kutafuta dhahabu akapata mke. Siku zile yeye ndiye aliyenishika nisianguke. Alikuwa ananipikia uji, ananikalisha kwenye cherehani, ananipa suruali za watu nipinde miguu kana kwamba ndiyo kwanza najifunza kazi, mpaka siku nilipoanza kutukana tena akajua nimepona. Yeye ni Mkatoliki wa Ulyankulu, mtoto wa wale waliokuja kutoka Burundi wakapewa pori wakaligeuza mashamba. Mimi ni Mmanyema wa mjini. Bibi wa bibi yangu aliletwa huku na misafara kutoka ng'ambo ya Tanganyika. Watu wakituuliza undugu wetu ni wa wapi, tunawaambia ni wa uzi na sindano.

Basi, kila mtu anajua kwamba fundi nguo ana dua moja tu, nayo ni "njoo kesho." Prisila alikuwa na namna yake ya kuisoma. Mteja akisimama pale barazani amefura, yeye anainamia kitambaa, ananong'ona upande wangu, "Ejo," na mimi namgeukia mteja kwa uso mkunjufu: "Kesho, dada yangu, kesho bila wasiwasi." Tumefanya hivyo miaka na miaka. Kwangu mimi ejo ilikuwa kesho, na sikuona haja ya kuuliza zaidi.

Mwezi wa tisa mwaka huu mama yake aliletwa mjini kwa ajili ya macho. Anaitwa Mama Nijimbere. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye fimbo ambayo haiegemei bali anaigongagonga tu chini, na ana kauli za upole zinazokera kuliko matusi. Daktari alimpima akasema ni presha ya macho. Jicho moja lilikuwa limeshakwenda, na la pili lilikuwa linafungwa taratibu kutoka pembeni kuja katikati. Yapo matone ya kuchelewesha, alisema, ya kurudisha hayapo. Na kwenye mkono wake wa kulia kulikuwa na kidonda cha moto ambacho ndiyo kwanza kinakauka. Alijiunguza jikoni kwake, peke yake, akanyamaza mpaka jirani alipokiona.

Prisila akamwomba abaki Tabora. Mama akakataa. Ana shamba lake, ana kaburi la mumewe, ana kanisa ambalo miguu yake inalijua. Prisila akaomba tena, akalia, akanituma mimi nikaombe, nami nikaomba kwa ustadi wangu wote, na jibu likawa lile lile: "Nitakwenda kwangu. Prisila atakuja kuniona." Tiketi ya basi la Ulyankulu ikakatwa, ya Jumapili asubuhi. Ijumaa, tunakunja kazi, Prisila akaniambia, "Asma, akirudi kule peke yake, iko siku nitaitwa nikamwokote kwenye majivu." Alikuwa hali wala halali. Nikajiapiza moyoni kwamba yule mama haendi popote. Sitaki kujipamba: nilimhurumia yeye, lakini nilijihurumia na mimi. Prisila akivunjika, mimi ningeshikwa na nani?

Ndipo ikafika Jumamosi. Prisila alitoka mapema kwenda kuchukua matone ya macho, nami nikampelekea Mama Nijimbere chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Nilimkuta amekaa mkekani, mgongo ukutani, jua la dirishani limemwangukia magotini. Alikuwa macho lakini hajarudi kutoka usingizini. Alikuwa bado katikati, huko ambako mtu hajijui kama yuko kitandani au yuko wapi. Nikasema, "Shikamoo, mama." Hakuitika marahaba. Alitabasamu. Tangu aje kwetu sikuwa nimemwona anatabasamu, na uso wake ulibadilika ukawa wa msichana.

"Ejo," akasema, polepole, kwa Kirundi, kama anayemwambia siri mtu aliyesimama nyuma yangu. "Ejo, ku musozi."

Musozi nao nilikuwa naujua, kwa sababu Prisila huniita hivyo nikivaa dera. Ni mlima. Nikasimama pale na chai yangu mkononi, na akili ikafanya kazi haraka. Kesho, mlimani! Mama wa watu anataka kupanda mlima kabla macho hayajafungwa kabisa, na hajathubutu kusema mpaka usingizi umsemee. Na kesho yenyewe ana basi. Basi mlima lazima uwe leo. Nikajipigia na hesabu ya pili, ya kifundi: mtu ukimfurahisha asubuhi, jioni hakukatalii jambo. Nikaweka chai chini nikampigia simu kaka yangu Sabiri mwenye bajaji.

"Dada, mlimani kufanya nini?" akauliza.

"Kupanda."

"Halafu?"

"Kushuka. Njoo na tangi limejaa."

Prisila aliporudi nilimkuta mlangoni kabla hajavua viatu. Nikamwambia mama yako anataka kwenda mlimani, ameniambia mwenyewe, tunakwenda Malalo sasa hivi. Akanitazama, akaingia ndani, nikamsikia anauliza kwa Kirundi, na sauti ya mama ikajibu neno moja: "Tugende." Prisila akatoka macho yamemtoka kwa mshangao. "Amesema twende," akasema. Nikamwambia si nimekwambia. Kazi zote barazani tukazifunika shuka, na wateja wa Jumamosi nikawaachia Mungu.

Malalo ni kilima cha mawe, ukishapita Kipalapala unaiacha barabara na kuingia kushoto. Wazee wetu husema wapagazi wa misafara walikuwa wanalala chini yake usiku wa mwisho kabla ya kuingia mjini, ili asubuhi wanawe, wavae nguo zilizobaki nzuri, waingie na ngoma kama watu wasioteseka njiani. Siku hizi vijana wanakwenda kupiga picha za kurusha mitandaoni. Mimi sikuwahi kufika. Nilizaliwa hapa na nilikuwa nakiona kwa mbali kila ninapokwenda mazikoni upande ule, kijibonge cha bluu, nikakiacha huko huko kiliko.

Ilikuwa ile miezi ambayo mvua bado lakini miyombo haisubiri. Watu wa nje hawaamini nikiwaambia: ardhi imekauka inapasuka, hewa imejaa moshi wa mashamba yanayosafishwa, na katikati ya ukame ule miti inatoa majani mapya, mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine ya waridi, pori zima. Bajaji ilipoiacha barabara tukaingia ndani ya wekundu ule, na mwanga uliokuwa unatupitia ukawa wa rangi hiyo hiyo, hata mikono yetu. Kwenye seminari ya Kipalapala tulikuwa tumewapita vijana wanalima bustani, wakatupungia majembe. Baada ya hapo hatukukutana na mtu. Mama Nijimbere alikuwa katikati yetu, ameinua uso, anavuta hewa puani.

"Mbula," akasema. Na kweli, mara harufu ya yale matunda ya porini ikaingia, tamu, nzito, yameiva yameanguka chini. Tukasimama tukaokota, tukala, mikono ikanata, tukacheka bila sababu. Ni muda mrefu sikuwa nimecheka hivyo. Nilijiambia kazi inakwenda vizuri.

Sabiri akabaki chini. Alitandika gunia lake kivulini, akalaza kitambi chake, akatuambia tukianguka tuanguke upande ule ule alipo asipate tabu kutuokota. Sisi tukaanza kupanda.

Nilidhani tutambeba mama. Nilikuwa nimekuja hata na upande wa kanga wa kumfungia kiunoni nimvute. Mwenyezi Mungu anisamehe, dakika chache tu nilikuwa mimi ndiye wa mwisho, nahema kama mbwa wa Ramadhani, na yeye yuko mbele, fimbo inaonja jiwe, mguu unafuata, fimbo inaonja, mguu unafuata. Hakuwa anatazama chini kabisa. Prisila alikuwa nyuma yake amenyoosha mikono yote miwili kama anayemfukuza kuku, na mara zote mikono yake ilibaki hewani haina cha kushika. Tambarare ya Ulyankulu ilikuwa imemfanya yule mama awe mzee. Jiwe lile, sijui, lilimrudisha. Mgongo ulinyooka. Nilimsikia anaimba kwa pumzi, wimbo mfupi unaorudia pale pale, na kila tulipozidi kupanda sauti za chini zilizidi kuzimika, kwanza jogoo, halafu shoka la mtu, halafu hata upepo, tukabaki na wimbo ule na joto la jiwe kwenye nyayo.

Juu ni bapa, pana kama uwanja wa shule. Nilifika nikalala chali kwanza. Nilipoinuka nikaona kwetu, na nikakaa kimya, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Pori lilikuwa linakwenda mpaka lilipochoka kuwa pori likawa mbingu. Hakuna kilima kingine, hakuna ukingo, ni ule wekundu tu umelala chini ya moshi mwepesi, unaingia kwenye zambarau, unaingia kwenye kijivu. Mji wetu ulikuwa mbali, mabati machache yanamemetuka. Na chini yetu ilipita njia ya zamani, ile iliyokuja toka pwani ikaenda Ujiji, mstari mweupe unaopotea na kutokea kati ya miti. Nikaona watu juu yake. Walikuwa wamefuatana mmoja nyuma ya mwingine, mizigo kichwani, wanakwenda bila haraka, na joto la ardhini lilikuwa linawanyanyua kidogo, hata miguu yao haigusi njia. Nywele zilinisimama. Nilijua ni wanawake wa kijijini na kuni zao. Nilijua vizuri, hata hivyo niliwatazama mpaka miti ikawameza, na nilikuwa namtafuta mmoja kati yao ambaye sijui hata sura yake.

Prisila alimkalisha mama yake pembeni yangu. Nikaona wakati umefika. Nikamshika mkono ule usio na kidonda nikasema kwa sauti ya asali, "Haya mama, umefurahi sasa?"

"Nimefurahi, mwanangu. Ahsante." Akanigeuzia uso. "Na wewe? Umekipata ulichokuja kukitafuta?"

"Mimi?"

"Si wewe uliyetaka kuja? Niliamshwa naambiwa Asmahani ametayarisha gari, anakwenda mlimani. Nikasema huyu mtoto ana jambo linamsumbua, haiwezekani apande mlima peke yake. Nikasema twende."

Nikamtazama Prisila, Prisila akanitazama. "Asma," akasema, "mama alikwambia nini asubuhi? Neno kwa neno."

"Alisema 'Ejo, ku musozi.' Kesho, mlimani. Nilimsikia kwa masikio yangu haya."

Prisila alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka akakaa chini, mpaka akashika jiwe asidondoke. "Ejo ni kesho," akasema alipopata pumzi. "Na ejo ni jana."

"Haiwezekani. Jana na kesho neno moja? Mnaishije?"

"Tunasikiliza kitenzi."

"Hakikuwapo kitenzi!"

"Ndiyo. Kilibaki usingizini."

Nilikasirika, nisidanganye. Miaka yote ile nasema neno na nusu yake imefichwa! Nikamwambia Prisila kwamba kunyamazia jambo kama hilo ni udanganyifu, akasema pale barazani hakuna mteja aliyewahi kuahidiwa jana, kwa hiyo nusu ile haikuhitajika. Nilikuwa natafuta la kumjibu, ndipo Mama Nijimbere aliposema, taratibu, "Nilikuwa nimeota. Jana nilikuwa mlimani kwetu."

Akailaza fimbo yake magotini.

"Kwetu hatuna kijiji kama hapa," aliniambia mimi, kwa Kiswahili chake kizuri. "Mtu ni wa mlima. Ukiulizwa unatoka wapi, unataja mlima. Mwaka ule tulipokimbia nilikuwa mke mpya. Asubuhi ilikuwa nzuri. Mama yangu alikuwa amekaa nje anapeta maharage, na upande wa chini kulikuwa na moshi, na mume wangu ananivuta mkono. Nikamwambia mama inuka twende. Akaniambia tangulieni. Nzoza ejo, akasema. Nitakuja kesho. Hakuinua uso kwenye ungo. Tukapanda mlima wa pili, nikageuka. Macho yangu wakati ule yalikuwa yanaona mbali. Alikuwa bado anapeta."

Prisila hakuwa anacheka tena. Niliona kwamba hata yeye hakuwahi kulisikia hili, au hakulisikia hivi.

"Hakuja," mama akasema. "Na si hilo linaloniuma. Alikuwa na miguu mibovu, alijua hawezi, na mimi nilijua hawezi. Angeniambia genda amahoro, nenda kwa amani, ningelia, ningekwenda, yangekwisha. Aliniambia kesho. Kwa hiyo nilikaa namsubiri. Nimezaa, nimezika, nimezeeka, na jioni mtu akipiga hodi nyumbani kwangu bado kuna kitu hapa kinasimama." Akajigusa chini ya shingo. "Jana nilikuwa naye. Nilimwona vizuri kuliko ninavyowaona nyinyi."

Upepo ukaja kidogo, ukaleta ile harufu ya mbula, ukaondoka. Prisila alikuwa amepiga magoti mbele ya mama yake.

"Na mimi, mama," akasema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, "kesho stendi ungeniambia nini?"

Mama Nijimbere akapapasa jiwe alilokalia.

"Ungeniambia, 'Utakuja kuniona.' Wiki nzima unaniambia, 'Utakuja kuniona.' Ni neno lile lile, mama. Unapeta maharage."

Sikuwahi kumsikia Prisila akisema na mama yake hivyo, na nilijikunyata kana kwamba nimepigwa mimi. Mama alifumba macho yote mawili, lile lililobaki na lile lililokwenda. Halafu wakaanza kusema kwa Kirundi, na hapo mimi nikabaki nje. Walisema kwa ukali, wakasema kwa kunong'ona, mama akagonga fimbo, Prisila akaishika fimbo. Mimi niligeuka nikatazama ile njia nyeupe. Nikafikiri juu ya bibi wa bibi yangu. Alipita pale, hakuna njia nyingine, na alikotoka hakuna aliyepewa nafasi ya kumuaga. Labda alilala hapa chini, asubuhi wakamwambia anawe uso, wanaingia mjini. Nikasinzia, au nilidhani nimesinzia, kwa sababu wale watu wenye mizigo walirudi tena kwenye njia, safari hii wakija upande wetu, na mbele yao alikuwepo mwanamke mmoja ambaye hakubeba kitu.

"Asma."

Prisila alikuwa amesimama, jua liko nyuma yake. "Nakwenda naye," akasema. "Kesho. Si kumsindikiza. Kukaa."

"Mimi sitaki," mama akasema kutoka pale alipokaa. "Sikumzaa aje anifanye kipofu kabla sijapofuka."

"Hiyo 'sitaki' yake si ya moyo wote," Prisila akaniambia. "Nimemuuliza mara nyingi, ameishiwa maneno. Cherehani inashona popote. Ulyankulu nako watu wanavaa."

Basi nitasema kilichonipata, ingawa si kizuri. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Mimi ndiye niliyewatoa nyumbani. Mimi ndiye niliyepanda jiwe lile kwa mikono na magoti ili mama abaki, na sasa nilikuwa nashuka nimewapoteza wote wawili. Nikauliza na magauni ya harusi ya mteja wetu Cheyo tunamwachia nani. Nikauliza na chumba. Nikauliza kama kuna mtu alifikiri kuniuliza mimi. Prisila alinitazama tu, ananijua, aliniacha niishe.

Nilipoishiwa nikaona aibu, na kwa aibu nikafanya ninachofanya siku zote, nikacheka. "Haya bwana," nikasema, "kwani Ulyankulu ni Ulaya? Utakuja tu. Mwisho wa mwezi utakuja, utanikuta pale pale. Tutaonana kesho kutwa tu hapo."

Nilisikia maneno yangu yanatoka, ule uso mkunjufu wa barazani, ile sauti ya bila wasiwasi dada yangu. Mama Nijimbere aligeuza uso wake kunielekea.

"Asma," Prisila akasema. "Tuagane."

"Tutaagana kesho stendi."

"Stendi kuna kelele. Utagombana na wapiga debe, utahesabu mizigo, utanifungia chapati, basi litaondoka hatujasema kitu. Tuagane hapa."

Sikujua namna ya kufanya. Mume wangu alipoondoka alisema anarudi Ijumaa. Sijawahi kumuaga mtu aliye hai. Nilisimama nikakung'uta dera, nikafunga mtandio upya. Prisila alikuwa analia bila kujifuta. Nilitaka sana kumwambia abaki. Nilikuwa na haki ya kumwambia, na najua kama ningesema kwa sauti ninayoijua mimi, angeyumba.

"Nenda, Prisila," nikasema. "Ulinishika nikasimama, na nimesimama. Nenda kwa amani ukakae na mama yako. Ukija nitafurahi mpaka mtaa ujue. Lakini sitakaa nakusubiri."

Akanikumbatia. Tulisimama pale juu tumeshikana muda mrefu, na mimi nililia kwa sauti, sikujali, hapakuwa na mtu wa kunisikia isipokuwa mama yule na pori lote la Unyamwezi. Nilipomwachia, Mama Nijimbere alikuwa ameinuka. Alikuja kwa fimbo yake, akanipapasa uso mpaka akaupata, akaweka kiganja kikavu juu ya paji langu kama anayembariki mtoto wake mwenyewe. Kwa binti yake hakusema tena kwamba hataki. Alimshika bega, na tukaanza kushuka.

Chini Sabiri aliamka akakuta macho yetu yamevimba. "Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Tumeagana."

Akatutazama tulivyojipanga kwenye kile kiti kimoja, mimi, mama katikati, na Prisila, goti kwa goti, mikono bado inanata mbula. "Mmeagana nani na nani?" akasema. Prisila akaanza kucheka huku analia, mama naye akafuata, na mimi nikamwambia Sabiri awashe bajaji twende nyumbani, watu wana mizigo ya kufunga.